Kitu cha Bure na Ujira wa Halali

Ametuandikia mzazi mmoja wa Majengo, hapa Dodoma, kwamba mwanawe aliyehitimu chuo ataka kufungua biashara kwa programu za kompyuta zigawiwazo bure, ziitwazo programu huria. Auliza: faida yapatikanaje kwa kitu cha bure? Na ikipatikana, je, ni halali?

Waama, mkono wetu ni wa ubao na wino, wala hatudai ufundi wa mashine hizi. Lakini swali ni la muamala, na muamala una milango yake.

Kwanza yapasa kukijua kitu chenyewe. Programu nyingi huuzwa zikiwa zimefungwa: mnunuzi huitumia, lakini maandishi ya ndani yaliyoiunda hayaoni, wala hana ruhusa ya kumnakilia jirani. Programu huria hutolewa pamoja na maandishi yake, na leseni yake humruhusu kila mtu kuisoma, kuibadili, kuinakili, na hata kuiuza. Mmarekani Richard Stallman, aliyeitangaza kazi yake ya GNU mwaka 1983, aliwahi kuuza kanda yenye programu yake ya Emacs kwa dola 150, ilhali mwenye rafiki aliye na nakala aliweza kuichukua bure.

Basi faida hutoka katika kazi. Maji ya kisima, katika nchi yetu hii ya ukame, ni ya wote. Lakini ayachotaye na kuyasukuma kwa mkokoteni hadi mlangoni kwako hana lawama akidai ujira. Kampuni ya Red Hat ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilisimama juu ya Linux, ambayo yeyote aweza kuipata bila malipo. Wateja walilipia matunzo, na mtu wa kuitika mashine inapokwama. Mwaka 2019 kampuni ya IBM iliinunua Red Hat kwa dola bilioni 34.

Wala tusidhani kuwa ni mambo ya ng'ambo tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na mafundi wa Sweden, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Ruhusa ilikwisha kutolewa na leseni. Nazo takwimu za hospitali na zahanati zetu hukusanywa kwa DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Programu ni bure, lakini ajuaye kuiweka, kuilinganisha na fomu zetu na kuwafundisha watumishi wa wilayani hutafutwa, na hulipwa.

Ama uhalali, Fiqhi imetenga mlango wa kuuza na mlango wa ijara, yaani kulipia kazi ya mtu. Kijana huyu aingia kwa ijara. Tena anaepukana na nakala za wizi zilizojaa madukani, ambazo watu huziita bure! Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lililokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za watungaji na wavumbuzi zalindwa na sharia, wala haifai kuzivamia.

Lakini leseni huria nayo ni mkataba, na Sura ya Al-Maida yafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba. Baadhi hudai kwamba ukiibadili programu na kuigawa, umpe unayemgawia maandishi yake pia. Asiyelitaka sharti hilo aiache programu hiyo.

Na asimfiche mteja. Twamjua yule muuza nafaka wa Madina aliyeifunika iliyolowa kwa iliyo kavu, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomkemea. Fundi amwambiaye mwenye duka kwamba programu ameinunua kwa laki tano, naye kaipata bure, ni ndugu yake huyo. Aseme wazi: programu haina bei, kuiweka ni kiasi hiki, kufundisha kiasi hiki, matunzo ya mwezi kiasi hiki. Wengi wataona uzito, kwani watu wetu hulipia upesi kitu washikacho mkononi, na maarifa huyaomba kama salamu.

Kwa hiyo achague wateja wa aina moja, kama vile wafanyabiashara wa mahindi wa soko la Kibaigwa, akae nao, azijue hesabu zao kabla ya kuwawekea chochote. Naye mzazi asimdai faida mwaka wa kwanza. Kompyuta iliyotumika na nauli ya Kibaigwa ndiyo mtaji wenyewe.