Tufundishwe Kompyuta Kuanzia Ndani ya Boksi



Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 Kanisa liliadhimisha Siku ya 58 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, na ujumbe wa Baba Mtakatifu Fransisko ulihusu akili mnemba na hekima ya moyo. Siku hiyohiyo mikongo miwili inayolala chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Watu walizima simu na kuziwasha tena, na wengine walinunua bando la pili wakidhani la kwanza limekwisha.

Nawauliza wenzangu wa Falsafa: ni wangapi kati yetu tungeweza siku ile kumweleza mwamini mlangoni pa kanisa kilichotokea? Tunajiandaa kuhubiri juu ya akili mnemba, lakini wengi wetu bado tunaamini kwamba intaneti inashuka kutoka angani. Ukweli ni wa kawaida zaidi. Simu yako inaongea kwa redio na mnara tu. Kutoka mnarani ujumbe unaingia kwenye njia za waya, ukiwemo Mkongo wa Taifa, hadi Dar es Salaam, na hapo unazama baharini ukiwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. SEACOM ilianza kazi nchini mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, kwa bei kubwa na mwendo wa kinyonga. Na ujumbe hausafiri mzima. Unakatwa vipande vidogo, kila kimoja kikiwa na anwani na namba yake, mithili ya kitabu kilichochanwa na kila ukurasa kutumwa katika bahasha yake. Bahasha zinaweza kupita njia tofauti, kisha mpokeaji anazipanga upya. Ndiyo maana njia moja ikifa, nyingine huendelea. Na zote zikisongamana katika njia chache zilizobaki, kila kitu huwa kizito.

Hoja yangu ni kwamba somo la kompyuta kwa wanaoanza, katika nyumba nyingi za malezi na hata shule, linaanzia mahali pasipofaa. Linaanzia kwenye vitufe: bofya hapa, kisha hapa, kisha andika kichwa cha habari kwa herufi nzito. Programu ikibadilishwa sura, mwanafunzi amepotea. Aristotle alisema tunajidai kukijua kitu pale tunapojua sababu yake. Tunamnukuu kwenye mitihani, kisha tukishuka maabara ya kompyuta tunamwacha mlangoni.

Lugha yetu nayo inatutega kidogo. Neno "kumbukumbu" kwetu lina uzito wa kitu cha kudumu: kumbukumbu za kikao, kumbukumbu ya marehemu. Lakini kumbukumbu ya kompyuta, ile mafundi wanayoiita RAM, haidumu hata dakika moja baada ya umeme kukatika. Ni meza ya kazi. Kabati ni diski. Ukiandika barua bila kuihifadhi, imelala mezani, na umeme ukienda meza inafutwa. Kompyuta ikiwa nzito kwa sababu umefungua programu kumi kwa pamoja, tatizo mara nyingi ni meza kuwa ndogo, na kununua kabati kubwa zaidi hakutasaidia. Nimeona fedha ya parokia ikienda hivyo.

Kuna parokia moja ambayo kompyuta yake ya ofisini ilikufa ikiwa na hesabu za zaka za miaka mitatu pamoja na majina ya watoto wa Komunyo ya Kwanza. Nakala ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya diski ileile, kwenye folda iliyoandikwa "Nakala". Katibu hakuwa mzembe hata kidogo. Alifanya sawasawa na alivyofundishwa, akanakili na kubandika kila Ijumaa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha diski ni kitu gani: sahani zinazozunguka kwa kasi, na kichwa kidogo kinachoelea juu yake bila kugusa, kitu ambacho siku moja lazima kichoke. Hata zile mpya zisizo na kinachozunguka nazo hufa. Angeishika mkononi mara moja tu, angeelewa kwamba folda mbili ndani yake ni karatasi mbili katika nyumba moja inayoungua.

Kilichopona ni kitabu cha ubatizo, kwa sababu paroko alishikilia wino na karatasi. Kanuni ya 535 inaagiza kila parokia iwe na vitabu vyake, na katika kile cha ubatizo yaandikwe pia Kipaimara na ndoa. Kijana aliyebatizwa Songea akitaka kufunga ndoa Mwanza, kitabu kile ndicho kinachoulizwa. Sipingi kuingiza majina kwenye kompyuta. Napinga kuyaingiza kwa mikono ya watu tusiojua yanakwenda wapi. Tukiambiwa "yako kwenye wingu", tujue kwamba wingu hilo ni kompyuta ya mtu mwingine katika jengo fulani, pengine ng'ambo, na kwamba tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, majina ya waamini ni jambo la kisheria pia.

Wapo wanaosema sisi si mafundi. Padre Roberto Busa, Mjesuiti, naye hakuwa fundi. Alikuwa mwanafalsafa aliyetafuta maana ya "uwepo" katika maandishi ya Mtakatifu Thoma, akagundua kwamba asingeweza kufuatilia neno dogo la Kilatini "in" kwa macho peke yake. Mwaka 1949 alikwenda IBM, New York, akaomba mashine za kadi zenye matundu. Kazi ikachukua miaka takriban 30, na faharasa ikatoka katika vitabu 56. (Kwa wale wanaopenda kusema kwamba vifaa ni mwili na programu ni roho: Thoma asingekubali. Roho haipakuliwi ndani ya mwili uliokwisha kuwa tayari.)

Ninachopendekeza ni wiki moja ya mwanzo kabla ya kugusa kibodi. Ichukuliwe kompyuta iliyokufa, zipo stoo, ifunguliwe mbele ya mafrateri wa mwaka wa kwanza. Kila mmoja ashike RAM, ashike diski, aone feni iliyojaa vumbi, jambo ambalo peke yake linaeleza nusu ya kompyuta zinazojizima mchana wa joto. Aone pia betri ndogo kama sarafu inayotunza saa umeme ukiwa umezimwa. Betri hiyo ikiisha, tarehe inarudi nyuma miaka, barua za parokia zinatoka na mwaka wa ajabu, na tovuti nyingi zinakataa kufunguka kwa sababu kompyuta inaona vyeti vyao vya usalama kana kwamba muda wake bado haujaanza. Ofisi nyingi humwita fundi kwa hilo. Kinachohitajika ni betri mpya na bisibisi ya nyota.