Mwenye Sukari Si Mlevi

Ndugu Wanachama,

Twataka kusema wazi jambo ambalo limenong'onwa katika magenge na karakana kwa muda mrefu, na kwa kunong'onwa limetupotezea watu. Ni habari ya wenzetu walio na ugonjwa wa sukari. Sisi tunaoandika haya ni watu wa njia ya reli. Baadhi yetu tuna ugonjwa huu na baadhi hatuna, lakini sote tumeshika nyundo moja na kulala kibanda kimoja, na hatuoni sababu ya kusema kwa sauti mbili.

Kwanza tutaeleza kisa. Siku moja genge letu lilikuwa nyikani, mbali na duka na mbali na zahanati, tukibadilisha mataruma. Tukaambiwa tumalize kazi kabla ya gari la mizigo kufika, ndipo tule. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, saa nane ikapita. Mwenzetu mmoja, ambaye asubuhi alikuwa amejidunga sindano yake ya insulini kama alivyoagizwa na daktari, alianza kutoka jasho na kutetemeka. Akiulizwa hili anajibu lile. Akaangusha mtaimbo karibu na mguu wa jirani yake. Je, sisi tulifanya nini? Aibu yetu tuiseme wenyewe: tulicheka. Mmoja wetu alisema, "Leo mzee amepitia kwa mama pima." Msimamizi alimwona akiyumba, akatoa kalamu, akaandika kwamba mfanyakazi huyu amekuja kazini amelewa.

Na huyo ni mtu asiyeonja pombe.

Ndipo akafika mama anayetuletea chai kwa birika kutoka kijijini. Alimtazama mara moja tu akasema, "Huyu hakulewa, wanangu. Mtoto wa dada yangu huwa hivi hivi sukari ikimshuka." Akamnywesha chai tamu kikombe kizima, kidogo kidogo. Baada ya robo saa mwenzetu aliuliza kofia yake iko wapi. Sisi tulikuwa watu kumi na wawili, na hata mmoja wetu hakujua alichojua yule mama.

Baada ya siku mbili barua ikaja. Ndugu, msidhani barua ya ulevi ni jambo dogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yampa mwajiri nafasi ya kumfukuza papo hapo mtu aliyelewa kazini hata asiweze kufanya kazi yake. Maana yake ni kwamba mtu aweza kupoteza miaka yake yote ya kazi kwa sababu alinyimwa chakula cha mchana. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya kufukuzwa mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe, na awe na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama karibu naye. Mjumbe wetu aliingia naye ofisini, akaweka mezani kitabu cha kliniki. Neno la ulevi likafutwa.

Je, mambo yakaisha? Hayakuisha. Wiki ya pili mwenzetu alihamishwa kutoka njiani akapelekwa kufagia stoo. Huko hakuna ovataimu wala posho ya kulala nje. Akaambiwa ni kwa usalama wake. Watoto wake ni wale wale, karo ni ile ile, na dawa ni ile ile, lakini mfuko umepungua. Basi hapo ndipo tunapokataa.

Wakubwa wa kazi husema, "Reli ni mahali pa hatari. Mtu wa sukari ataleta ajali." Neno hili lina sura ya hekima, nasi hatutalikwepa. Ni kweli reli ni mahali pa hatari. Tunaijua hatari hiyo kuliko wanaokaa mezani. Ni kweli pia kwamba si kila kazi ni ya kila mtu. Dereva wa gari la moshi ambaye sukari yake hushuka bila yeye kuhisi dalili asiendeshe mpaka daktari aridhike. Hayo twayakubali. Lakini twauliza: mtu akiona mwenzake amefagizwa stoo kwa sababu ugonjwa wake umejulikana, naye akipimwa kesho akaambiwa ana sukari, atasema? Hatasema. Atajidunga chooni. Atatupa karatasi ya daktari. Atafanya kazi na njaa, akiogopa kuomba dakika kumi za kula. Siku atakapoanguka, ataangukia kwenye chuma, na karibu yake hapatakuwa na anayejua la kufanya. Ajali hiyo italetwa na hofu, na hofu imeletwa na barua za namna ile. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi twaongeza kwamba anayemlazimisha mwenzake kuficha maradhi ana sehemu yake katika kilio hicho.

Sasa tueleze ugonjwa wenyewe, maana ujinga ni nusu ya mzigo. Chakula tunachokula hugeuka kuwa sukari katika damu, na sukari hiyo ndiyo nguvu ya kunyanyua reli. Ili iingie mwilini yahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Kuna watu ambao kongosho lao limeacha kabisa kuitengeneza. Hao huishi kwa sindano, na bila sindano hufa. Kuna wengine, nao ndio wengi zaidi, ambao mwili wao hauitii insulini vizuri. Hao hutumia vidonge, na baadhi yao huhitaji sindano pia. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu macho, figo, moyo na miguu. Ikishuka ghafula, mtu hutetemeka, hutoka jasho, husema ovyo, na hata kuzimia. Huyo wa mwisho ndiye tunayemwita mlevi.

Mtu asituambie kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri. Tuangalie magenge yetu. Mtu mwenye kazi ya kukaa na mtu mwenye kazi ya nyundo wote huugua. Tofauti ni kwamba tajiri ana friji, ana saa ya kula na ana dawa ya mwezi ujao kabatini. Sisi tuna mandazi na soda alfajiri, ugali mlima mzima usiku, na katikati hatuna kitu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na ndiye anayetupangia zamu.

Na dawa? Insulini ilipatikana mwaka 1921 huko Toronto, Canada. Mnamo Januari 1922 alidungwa mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14 ambaye alikuwa akingojea kufa, naye akapata nafuu. Mwaka 1923 mabwana Banting, Best na Collip waliuza haki yao ya dawa hiyo kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, kwa kuwa hawakutaka ifichwe na wafanyabiashara. Dola moja! Leo wako wenzetu wanaopunguza kipimo chao mwisho wa mwezi ili chupa ifike siku ya mshahara. Kupunguza huko ni kucheza na kaburi. Tunakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kwa bima ya afya tangu Oktoba 2024. Basi ni haki ya chama chetu kuuliza, kliniki kwa kliniki, kama mwanachama anayekatwa anapata dawa yake au anarudishwa akanunue dukani.

Wengine husema, "Kambini hakuna friji, kwa hiyo mtu wa sindano hawezi kukaa njiani." Neno hili nalo limepitwa na wakati. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza uchunguzi uliofuata joto la nyumba za kambi ya Dagahaley huko Dadaab, hapa hapa Kenya. Waliona kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae katika baridi, lakini ile inayotumika yaweza kukaa ndani ya chungu kilichowekwa katika chungu kikubwa zaidi chenye mchanga uliotiwa maji, kivulini. Ni mabati ya kibanda juani yanayoiharibu, na mabati hayo hatukuyachagua sisi.

Tutazame pia miguu. Sukari hufisha hisia za nyayo. Mtu wa njia hutembea juu ya kokoto siku nzima, na kijiwe kikiingia ndani ya buti lake hatakisikia. Jioni akivua atakuta kidonda, na kidonda kisichotibiwa chaweza kumkatisha mguu. Kwa hiyo akung'ute buti zake kabla ya kuvaa na atazame nyayo zake kila jioni. Asipoweza kuziona vizuri, mwenzake amtazamie. Na mtu wa namba 8 asipewe buti la namba 7 kwa kuambiwa kwamba stoo imekwisha.

Sasa twageuka kwetu wenyewe, maana si haki kulaumu ofisi peke yake. Tuache kucheka. Tuache kumwambia mwenzetu, "Soda moja haiui." Lakini tusiwe pia polisi wa sahani yake, tukihesabu kila tonge mbele ya watu. Yeye mwenyewe anahesabu tangu asubuhi: kidole kutobolewa, sindano, chakula, kazi, tena kidole. Ugonjwa huu hauna Jumapili wala likizo. Siku nyingine mtu huchoka nao, hukasirika bure. Siku hiyo mwenzake aseme tu, "Njoo tule," naye ale chakula kile kile: mboga nusu ya sahani, ugali robo, maharagwe au nyama robo. Chakula hicho chafaa mgonjwa na chafaa mzima. Na wale wanaouza mizizi stesheni wakisema inamaliza sukari kabisa, tuwapungie bendera nyekundu. Wenzetu wameacha dawa kwa ajili ya maneno hayo, na wengine hawakurudi kazini.

Kila mwanachama ajifunze haya kwa moyo. Mwenye dawa ya sukari akitetemeka, akitoka jasho au akisema ovyo, mwondoe njiani na umkalishe. Apimwe kama kipimo kipo. Chini ya 4 ni hatari. Kipimo kikikosekana, usingoje. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Ngoja dakika 15. Asipopata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu kinywani. Mlaze ubavu, na apelekwe hospitali upesi. Usimdunge insulini, maana itamwongezea hatari.

Basi twaomba chama kipeleke madai haya katika mkutano ujao na mwajiri, nasi hatutaki majibu ya "tutaangalia":

1. Mtu anayetumia dawa ya sukari asizuiwe kula kwa wakati wake, hata gari likichelewa, na dakika za kujipima na kujidunga zisikatwe.

2. Kila sanduku la huduma ya kwanza liwe na sukari na kipima sukari kinachofanya kazi, na kila genge lifundishwe kukitumia.

3. Kila kambi iwe na mahali pa baridi na pa siri pa kuweka dawa, na kila mtu apewe buti zinazomfaa.

4. Siku ya kliniki isihesabiwe utoro. Sheria, kifungu cha 30, yatoa siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara kwa mwaka. Huo ndio mwanzo tu. Mkataba wetu waweza kuvuka hapo.

5. Mtu asihamishwe wala kupunguziwa mapato kwa ajili ya ugonjwa pasipo daktari kumpima na mjumbe wa chama kuwapo. Na mwenzetu aliye stoo arudishwe njiani. Daktari wake amekwisha kuandika kwamba anaweza.

Wengine watasema madai haya ni ya wachache. Ndugu, wangapi kati yetu wamepimwa? Anayesoma karatasi hii akisema hayamhusu aende zahanati asubuhi kabla ya kula, ndipo aseme tena. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hawezi kusimama peke yake mbele ya meza ya mwajiri akieleza kwa nini mikono yake ilitetemeka.

Jumatatu tunaanza bila kungoja ofisi. Kila mtu wa genge letu atakuja na sukari kidogo ndani ya karatasi, mfukoni. Twaomba magenge mengine yafanye vivyo hivyo.

Wenu katika kazi,
Watu wa Njia