Rafiki Mwenye Swali na Rafiki Mwenye Kamba



Katika mkutano wa tawi hapa Manchira mzee mmoja alisimama akauliza jambo ambalo wengine walikuwa wakilinong'ona tu. Alisema: "Mwalimu, hao wabunge wa Ulaya, ni nani aliyewapigia kura hata wakae kikao kutusema sisi?" Watu wakapiga makofi.

Nilimjibu kweli. Kwetu hapa hakuna hata mmoja aliyewapigia kura. Bunge la Umoja wa Ulaya lina wabunge 720, huchaguliwa na watu wa kwao kila baada ya miaka mitano, na hakuna sanduku lao la kura lililopata kufika Mugumu wala Tarime. Lakini makofi yale yalinikosesha usingizi. Niliona tuko karibu kuufunga kwa hasira mlango ambao wazee wetu waliufungua kwa taabu.

Tukumbuke tulikotoka. TANU ilipozaliwa mwaka 1954 haikuwa na bunduki wala fedha. Silaha yake ilikuwa haki, na ulimi wa kuieleza haki hiyo popote palipo na sikio. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Kule Uingereza walikuwako wabunge, kama Fenner Brockway, waliosimama katika Bunge lao wenyewe kupinga ukoloni wa serikali yao wenyewe. Je, tuliwaambia kwamba wanaingilia mambo yasiyowahusu? Maneno hayo yalikuwa ya mkoloni. Sisi tulisema ahsanteni.

Mwaka huo huo wa 1955 alifika Dar es Salaam John Hatch, afisa wa chama cha Labour cha Uingereza. Aliwauliza viongozi wa TANU: je, chama chenu kina sehemu ya wanawake? Swali lilikuwa gumu, maana sehemu hiyo ilikuwa haijasimama. Wazee wetu hawakumfukuza mgeni, wala hawakumwambia aende akahesabu wanawake wa chama chake. Walimtafuta Bibi Titi Mohamed, akashika kazi, na haukupita muda mrefu maelfu ya akina mama walikuwa na kadi za TANU. Swali la mgeni lilijibiwa na wenyeji, na aliyepata faida ni mwenyeji.

Huyo ndiye rafiki mwenye swali. Yuko na rafiki wa pili, naye ana kamba mkononi. Mapema mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikasirika kwa kuwa tulikubali Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Ikaondoa msaada wake wa kijeshi ili tubadili nia. Mwalimu akaiambia iondoe na msaada uliobaki. Desemba mwaka huo huo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukatupita. Tuliumia, lakini hatukupiga magoti.

Basi mwanachama ajifunze kupambanua. Kwa swali, vuta kiti mkae. Kwa kamba, kataa. Taabu ni kwamba siku hizi vitu hivyo viwili huletwa vimefungwa bunda moja. Mwaka 2025 Bunge la Ulaya lilipitisha maazimio juu ya nchi yetu: Mei, baada ya Tundu Lissu kukamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na Novemba, baada ya ghasia na vifo vilivyofuata uchaguzi wa Oktoba 29. Wabunge hao walitaka pia fedha za msaada zizuiwe. Fedha hizo ni kamba, nami sioni haya kusema hivyo. Taifa lililojitawala tangu 1961 haliendeshwi kwa kutishwa na mfuko wa jirani.

Lakini tukishaikata kamba, swali linabaki pale pale mezani. Waliokufa ni nani, na waliowaua ni nani? Ndugu zangu, swali hilo si la Kizungu. Mama wa Kitanzania aliyemzika mwanawe aliliuliza kabla halijafika Strasbourg. Serikali yenyewe iliunda Tume ya Uchunguzi mwezi huo wa Novemba, na huwezi kuunda tume juu ya swali lisilokuwapo. Chama chenye kujiamini hulijibu swali hilo mbele ya watu wake, wazi, bila kungoja kusukumwa. Na niwaambie siri ya kamba: haina nguvu juu ya mtu aliyekwisha kujibu.

Sasa tugeuze upande wa pili. Urafiki wa wabunge si wao kuuliza na sisi kujibu siku zote. Nasi tunayo ya kuwauliza, tena mengi.

Ulaya inaijua Serengeti. Tangu filamu ya Bernhard Grzimek ya mwaka 1959, nyumbu wetu wana jina huko kuliko watu wetu. Vema, wanyama ni mali ya taifa. Lakini mbunge wa Ulaya anayemlilia tembo aje alale usiku mmoja na mkulima wa Manchira katika kibanda cha kulinda shamba, aone mahindi ya mwaka mzima yakiliwa kabla ya kucha. Kisha tumuulize: mzigo wa kuhifadhi urithi huu wa dunia, mbona mkulima ndiye anayeubeba kichwani?

Tarime wanalima kahawa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria kwamba kahawa isiingie sokoni kwao ikiwa shamba lake lilifyekwa msituni baada ya Desemba 31, 2020, na kwamba kila shamba lionyeshwe mahali lilipo kwa vipimo vya ramani. Sheria ilikuwa ianze kutumika mwisho wa 2024. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Kuhifadhi msitu ni jambo jema. Lakini mkulima wa ekari moja atapimiwa shamba na nani, na kwa gharama ya nani? Swali hilo lilifaa kuulizwa na wabunge wetu, uso kwa uso, kabla sheria haijapigiwa kura.

Wala tusiogope kwamba tukisema hapana tutaachwa peke yetu. Novemba 2016 Bunge letu liliukataa mkataba wa biashara kati ya Ulaya na Afrika Mashariki, kwa kuhofia viwanda vyetu vichanga. Kenya iliendelea, ikatia sahihi mkataba wake Desemba 2023. Nasi bidhaa zetu ziliendelea kuingia Ulaya bila ushuru, kwa utaratibu wa nchi maskini uliokuwapo tangu 2001. Tulikataa kwa hoja, na urafiki haukufa.

Ninayotaka ni matatu. Mbunge wetu akienda kukutana na wenzake wa Ulaya, akirudi atueleze jimboni alisema nini. Wao wakija, wasiishie Dodoma na katika hoteli za mbugani, waletwe hadi vijijini. Na sisi wanachama tuache kupigia makofi kila neno la hasira.

Mzee wangu akiniuliza tena nitamjibu hivi: kweli, hao hatukuwapigia kura. Lakini wale tuliowapigia kura sisi, je, wamekwisha kuuliza?

UHURU NA KAZI!