Aliyepona Asifichwe

Yako maziko ya namna mbili. Yako yale ya makaburini, na yako yale ya mtu aliye hai ambaye jamaa zake wameamua, kwa huruma tele, kwamba safari yake imekwisha. Haya ya pili ndiyo ninayoyapinga, kwa kuwa huchimbia wengine makaburi ya kweli.

Mwaka 2015 nilipasuliwa Bugando, Mwanza, kwa kansa ya kinywa, nikaondolewa sehemu ya ulimi na tezi za shingoni. Kisha nilipigwa mionzi mara 30 Ocean Road, Dar es Salaam, siku tano kwa juma, majuma sita. Nilirudi Shinyanga mdomo umepinda, mate yamekauka, na "r" na "l" zikigombana ulimini. Nilijifunza upya kutafuna na kumeza. Hadi leo ugali wangu huteremka kwa mlenda, na chupa ya maji siiachi. Kila asubuhi nilisoma kwa sauti kurasa mbili, kama mtoto wa darasa la kwanza. Baada ya mwaka mmoja nilisimama tena ubaoni, nikifundisha watu wazima kusoma.

Hapo upinzani ukaanza. Kamati moja niliyokuwa katibu wake ilinitafutia mrithi bila kuniuliza. "Mwalimu apumzike," walisema. Jamaa mwingine alinisihi nisiseme hadharani, eti nitatisha watoto. Watoto hawakutishika, ndugu msomaji. Waliuliza, nikawajibu, wakarudi kwenye mchezo wao. Wanaotishika ni watu wazima.

Na hofu hiyo ina gharama. Mkiwaficha waliopona, kijiji kitawaona waliokufa tu, nacho kitaamini kwamba kansa haiponi. Mwenye imani hiyo aende Mwanza kutafuta nini? Atakaa na kidonda chake, atabandika mizizi, atang'oa jino lisilo na kosa. Akifa, ataulizwa aliyemroga. Sisi wa Shinyanga na Geita tunajua swali hilo limewaangukia akina nani miaka nenda rudi: vikongwe, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi. Nilipougua, nami nililetewa jina la bibi mmoja jirani. Nilikataa kulisikiliza. Kila ninaposimama mkutanoni na kusema, shitaka la namna hiyo linakosa shahidi.

Wapo wasemao kwamba wagonjwa hawa wamejitakia. Ni kweli tumbaku, iwe sigara au ugoro, pamoja na pombe kali, ndiyo vyanzo vikubwa vya kansa ya kinywa. Na vikiungana hatari huzidi sana. Tumbaku tunailima wenyewe Kahama, na huko kwenye maduara ya Geita sigara na gongo haziko mbali na mchimbaji. Lakini lawama haijaponya kidonda hata kimoja, na wapo wanaougua bila kuvuta wala kunywa. Mchimbaji anahitaji kufundishwa. Nani atamfundisha vizuri kuliko mwenye mdomo uliopinda?

Somo lenyewe ni fupi: kidonda cha kinywani kisichopona kwa majuma mawili au matatu, doa jeupe au jekundu lisilotoka, jino linalolegea bila sababu, uvimbe shingoni, nenda hospitali. Kuanza kujitazama hakuhitaji mashine. Kioo na mwanga wa jua vinatosha.

Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, aligunduliwa kansa ya kinywa mwaka 1923. Alipasuliwa zaidi ya mara 30, akavaa kaakaa la bandia, na aliendelea kutibu na kuandika hadi mwaka wa kifo chake, 1939. Hakuna aliyemwambia dunia inatishika.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza: mficha aliyepona humuumbua jirani yake. Viti vya huruma hatuvitaki. Tupeni benchi zahanati siku za kliniki, na dakika kumi kwenye mikutano ya vijiji na machimboni. Tutasema polepole, na mtatuelewa.