KIJIJI HAKIPIMWI KWA MAKOFI

Ndugu wanachama, imekuwa desturi kiongozi kurudi kutoka ziarani akijisifu: "Wananchi wako macho, uwanja ulifurika!" Sisi tunaozunguka vijijini twauliza: walifuata nini? Walikuja kwa ngoma na fulana za bure, wakapiga makofi, wakarudi kwao. Je, siku ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaliposomwa mapato na matumizi, walikuwako wangapi? Hapo majibu huwa haba.

Kura nayo ni kipimo, lakini ni kipimo cha siku moja katika miaka mitano. Mwaka 2010, katika kila watu 100 walioandikishwa, waliopiga kura walikuwa kama 43 tu. Mwaka 2015 wakafika 67. Twafurahi, lakini siku zote zilizobaki, nani alilinda fedha za zahanati?

Sheria haikutunyima kitu. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano Mkuu, nao ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza kwamba Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano huo. Basi tazameni hatari! Mkutano usio na watu ni mlango usio na komeo. Wajanja watano hukaa chini ya mwembe, wakaandika muhtasari, wakaorodhesha majina ya watu waliokuwa shambani siku ile, na kesho yake mgeni anapima mashamba yenu. Mtamlilia nani?

Wako wasemao kwamba watu wetu ni wavivu wa mikutano. Huo ni uongo, tena ni matusi. Mkulima aliyeitwa mara tatu kuchangishwa, asisomewe hata mara moja zilikokwenda senti zake, ana sababu gani ya kuja mara ya nne? Hakuchoka kukijenga kijiji, amechoka kudanganywa.

Kwa hiyo twataka kila tawi lijibu maswali haya. Je, mkutano hufanyika kila baada ya miezi mitatu? Wamehudhuria wangapi kati ya wangapi? Wanawake na vijana wangapi wamesimama wakasema, si kukaa tu? Hesabu zimesomwa na kubandikwa ukutani? Yaliyoamuliwa mkutano uliopita yametimizwa? Majibu yaandikwe katika daftari, yasomwe mbele ya wanachama wote, hata yakituaibisha sisi wenyewe.

Tena mabalozi waamke. Miaka ya 1960, TANU ilipoweka mabalozi wa nyumba kumi kumi, haikuwa kwa ajili ya kuuza kadi tu. Balozi apite kila mlango kabla ya mkutano, awaeleze watu yatakayojadiliwa. Wala mkutano usiwekwe siku ya gulio, au saa ambayo kina mama wako kisimani, kisha tukasema hawakuja.

Desemba 1961 Tanganyika ilipata Uhuru mara moja. Uhuru wa kijiji hulindwa kila baada ya miezi mitatu. Atakayebaki nyumbani asishangae siku atakapokuta shamba lake limegawiwa kwa jina lake na sahihi asiyoitia.