Nchi Kupata Kiti Si Watu Kupata Sauti

Imani imeenea, katika vyumba vya habari na katika kumbi za vyuo vikuu, kwamba chombo cha kimataifa chenye mamlaka ya kuamua huzidi kuwa cha haki kadiri kinavyoongeza wanachama, na kwamba nchi ikishapewa kiti mezani, watu wake wamekwisha kupata sauti. Kwa imani hiyo Umoja wa Afrika, tangu Mwafaka wa Ezulwini wa mwaka 2005, unadai viti vya kudumu visivyopungua viwili na vitano visivyo vya kudumu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Na kwa imani hiyo hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza na nchi tatu zilizotia saini Mkataba wake Novemba 30, 1999, imefikisha nchi nane, Somalia ikiwa ya mwisho kukamilisha uanachama Machi 2024. Madai ya Afrika ni ya haki, na kupanuka kwa Jumuiya kuna faida zake. Kisicho cha kweli ni kudhani kwamba kazi ya uwakilishi inakamilika siku bendera mpya inapopandishwa Arusha.

Mbugangari, mtaa wa Gisenyi wilayani Rubavu unaopakana na jiji la Goma, ni mahali pafaapo kuipima imani hiyo, kwa kuwa maisha ya mtaa huo hutegemea maamuzi yanayotolewa mbali nao. Asubuhi wanawake hujipanga kwenye kituo cha mpakani kiitwacho Petite Barrière, wakiwa na mabeseni ya nyanya na vitunguu kichwani, wengine na maharage au vidumu vya maziwa, ili wawahi kuuza Goma na kurudi na chakula cha watoto kabla lango halijafungwa. Kabla ya janga la korona kivuko hicho kilipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Saa ya kufunguliwa na kufungwa kwa lango, hati inayokubalika na ushuru unaotozwa ndiyo siasa ya kimataifa katika maisha ya wanawake hao, na katika hayo yote hawana mtu waliyemtuma awasemee.

Tena si kwamba mji wao umekosa taasisi. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, inayofahamika kwa kifupi cha CEPGL, ilizaliwa Gisenyi hapo hapo Septemba 20, 1976, ikiunganisha Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo, na makao yake yakawekwa katika mji huo huo. Kila nchi ilikuwa na nafasi sawa na mwenzake, usawa ambao watetezi wa viti wangeusifu. Lakini kwa kuwa uhai wote wa chombo hicho ulitegemea maelewano ya wakuu watatu, maelewano hayo yalipovunjika katika miaka ya 1990 nacho kikalala kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali wachuuzi hawakuacha kuvuka.

Mwaka 2022 ulirudia somo hilo kwa uwazi zaidi. Mwezi Juni, baada ya askari wa Kongo kuuawa mpakani kwa risasi, mamlaka za Goma ziliamua lango lifungwe saa tisa alasiri; Julai 11, wakati amri hiyo ingali inatumika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye soko la pamoja na ahadi ya watu kusafiri kwa uhuru. Kwenye karatasi mpaka ulikuwa umefunguka. Kwa muuza nyanya ulikuwa umepungua saa kadhaa, na hakuna mbunge hata mmoja, wa Rwanda wala wa Kongo, aliyepaswa kwa mujibu wa sheria kumjibu yeye kwa jambo hilo.

Hapa ndipo lazima Bunge la Afrika Mashariki litazamwe kwa karibu. Ibara ya 50 ya Mkataba inaipa kila nchi wabunge tisa, wanaochaguliwa na bunge la taifa kutoka nje ya wabunge wake, kwa sharti kwamba, kadiri inavyowezekana, wawakilishe vyama vilivyomo bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi yenye masilahi maalumu. Rwanda ilihesabu watu milioni 13.2 katika sensa ya 2022, hivyo kila mbunge wake anasimama kwa niaba ya watu karibu milioni moja na nusu. Kongo, ambayo haijafanya sensa tangu 1984, inakadiriwa kuwa na watu wapatao milioni mia moja, yaani zaidi ya milioni kumi na moja kwa kila mbunge. Wanaolalamikia pengo hilo wana haki ya kulalamika, lakini wamekamata upande mdogo wa tatizo, kwa maana Kongo ingeongezewa wabunge hamsini nao wangechaguliwa Kinshasa na vyama vilivyoko Kinshasa, na Goma isingepata hata mmoja wa kumwita wake.

Historia ya ibara hiyo inathibitisha hivyo. Novemba 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia wabunge wa Kenya wasiapishwe, na Machi 30, 2007, katika shauri la Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake, ikaamua kwamba Bunge la Kenya halikufanya uchaguzi wowote bali lilipokea majina yaliyopendekezwa na vyama. Katikati ya amri na hukumu hiyo, Desemba 2006, wakuu wa nchi waliubadili Mkataba, wakaigawa mahakama katika ngazi mbili na kumwekea raia kikomo cha miezi miwili cha kufungua shauri. Raia walipoulizia uwakilishi wao, mlango wa kuulizia ndio uliobanwa.

Watetezi wa usawa wa nchi husema kwamba bila wabunge tisa kwa tisa Rwanda na Burundi zingemezwa na majirani wakubwa. Hoja hiyo ni nzito, ila mahali pake ni Mkutano wa Wakuu wa Nchi na Baraza la Mawaziri, ambako dola hukaa kama dola na kuamua kwa kauli moja, yaani bila mwanachama yeyote kupinga. Na huko kinga ya mdogo ni kubwa kiasi kwamba mkutano wa Arusha wa Novemba 30, 2018 uliahirishwa kwa sababu Burundi haikuhudhuria. Bunge ni la watu. Ulaya ilikwisha kutenganisha mambo hayo mawili: tangu 1979 wabunge wake huchaguliwa na wapiga kura wenyewe, na viti hugawanywa kwa uwiano unaopungua, ambao huipa nchi kubwa viti vingi zaidi lakini si kwa kadiri yote ya watu wake, hivi kwamba Ujerumani ina 96 na Malta ina sita.

Anayeshikilia bado kwamba kiti cha nchi ni sauti ya watu wake aukumbuke mwaka 1994. Rwanda ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama tangu Januari mwaka huo, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili, kiti hicho kilibaki mikononi mwa mjumbe wa serikali ile ile iliyokuwa ikiyaendesha. Aprili 21 Baraza lilipitisha kwa kauli moja Azimio 912, lililopunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa hadi askari wapatao 270, na mjumbe wa Rwanda alikuwa miongoni mwa waliolikubali. Mei 17, Baraza lilipopiga kura juu ya vikwazo vya silaha dhidi ya Rwanda katika Azimio 918, kura moja tu ilipinga, nayo ilikuwa ya Rwanda. Nchi iliwakilishwa kikamilifu siku hizo zote, na watu wake walikuwa wakichinjwa makanisani na kwenye vizuizi vya barabarani bila msemaji. Hakuna hesabu ya viti, hata ingepangwa kwa uadilifu gani, ambayo ingewafaa, kwa sababu kanuni za chombo hazikuuliza mwenye kiti anamsemea nani wala hazikumzuia kupiga kura katika shauri linalomhusu mwenyewe.

Kwa hiyo mjadala wa kupanua vyombo hivi, kuanzia New York hadi Arusha, unapaswa kuanza na maswali ambayo kwa kawaida huachwa mwisho: nani humchagua mwakilishi, nani aweza kumwondoa, na ni lini hulazimika kukaa kando. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki majibu yanafahamika, nayo ni kura ya moja kwa moja ya wananchi, mgawo wa viti wenye uwiano unaopungua, na majimbo yanayoipa miji ya mipakani wabunge wake. Wanaosema nchi ziingie kwanza na marekebisho yafuate baadaye hawajausoma Mkataba vizuri, kwani kuubadili kunahitaji ridhaa ya nchi zote wanachama, na kila nchi inayoingia inaongeza sahihi moja ya kutafutwa. Mwaka 2006 sahihi hizo zilikuwa tatu. Leo ni nane, na nchi ya tisa haifai kupokelewa kabla Ibara ya 50 haijaandikwa upya.