Jokofu, Mchanga wa Newala na Mhuri wa Fundi

Msimu wa korosho unapokwisha na fedha za mnada zikawa zimeingia mikononi mwa wakulima, magari yapandayo kutoka Mtwara na Masasi kwenda Newala huwa yamepakia vitu ambavyo zamani havikuwa vya mtu wa kawaida katika uwanda wa Makonde: majokofu, feni, televisheni, na mara nyingine viyoyozi vya nyumba za wageni. Vingine huishia Newala mjini, vingine hufika Mkunya na vijiji vya jirani. Nasi twafurahi kuviona. Mkulima aliyepalilia mikorosho jua likimchoma anastahili kunywa maji baridi nyumbani kwake, na mama auzaye barafu na juisi anastahili chombo cha kazi yake.

Lakini jokofu hununuliwa dukani, na usalama wake haumo ndani ya sanduku lililolileta. Usalama hufungwa nyumbani, kwa mikono ya fundi, katika waya, katika swichi na katika kipande cha shaba kinachopigiliwa ardhini nyuma ya nyumba. Hapo ndipo tunapotaka kusemea leo, kwa kuwa ndipo watu wanapofanyia ubahili, na ndipo wanapodanganywa.

Yafaa kwanza tuijue mashine yenyewe. Wazee wa Newala hawana haja ya kufundishwa maana ya pampu. Mchanga wa juu ya uwanda huu huinywa mvua yote, maji yakaenda kutokea mabondeni, na kwa vizazi vingi mama zetu waliteremka magenge alfajiri wakapanda na mizigo ya maji kichwani. Tangu miaka ya 1950 mitambo imekuwa ikiyasukuma maji hayo kuyapandisha juu, na kila mkazi anajua kwamba mtambo ukisimama, bomba hukauka. Maji hayapandi mlima kwa hiari yake. Basi joto nalo ni hivyo hivyo: haliondoki penye baridi likaenda penye joto mpaka lisukumwe.

Jokofu ni pampu ya joto. Gesi iliyomo katika mabomba yake hugeuka mvuke ndani ya jokofu na kulinyonya joto la vyakula. Kisha kompresa huikamata gesi hiyo, ikaibana na kuipeleka katika mabomba ya nje, ambako huliachia joto hewani na kurudi kuwa majimaji. Kiyoyozi hufanya kazi ile ile, ila chumba kizima ndicho kilichokuwa sanduku. Katika nchi za Ulaya watu huigeuza safari hiyo: hulichota joto la hewa ya nje hata wakati wa theluji, wakaliingiza nyumbani, na kwa yuniti 1 ya umeme hupata yuniti 3 hivi za joto. Ni mashine moja yenye majina mengi, na hatari zake ni za namna moja kila ifungwapo, iwe Helsinki au Mkunya.

Hatari ya kwanza imo katika umeme wenyewe. Kompresa ni mota, na mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishatulia. Waya mwembamba uliokusudiwa taa, wa milimita 1.5 za mraba, hauwezi kubebeshwa soketi ya jokofu, pasi na birika kwa pamoja. Soketi zinataka waya wa 2.5, na kiyoyozi kinataka njia yake peke yake kutoka katika swichi kuu, yenye kikatio chake. Kile kibodi kidogo cha UMETA, kilichowaletea nuru watu wengi wenye nyumba za vyumba viwili vitatu, ni kitu chema sana kwa taa, redio na simu. Hakikuumbwa kubeba kiyoyozi. Tena saa za jioni, pale nguvu ya umeme inaposhuka mwishoni mwa laini, kompresa hushindwa kuzunguka, ikanguruma na kuchemka. Kifaa kidogo cha kulinda jokofu, kinachokata umeme ukipungua au ukizidi na kungoja dakika chache kabla ya kuurudisha, bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya kompresa.

Lakini jambo linalotutia hofu zaidi ni waya wa ardhini, ule ambao mafundi huuita eathi. Twaomba msomaji atuvumilie kwa hesabu kidogo, maana hesabu hii ni ya uhai. Waya wa moto ukichubuka ndani ya jokofu ukagusa bati lake, umeme hutafuta njia ya kwenda ardhini. Ikiwa ardhi inaupokea vizuri, umeme mwingi hupita ghafula na kikatio hukata. Sasa tazama ardhi yetu. Mchanga mkavu ni mpitishaji mbaya wa umeme, na kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza mchanga wa Newala huwa mkavu kweli kweli. Fimbo fupi ya shaba iliyopigiliwa humo yaweza kuwa na ukinzani wa omu 100 au zaidi. Ukigawa volti 230 kwa omu 100, unapata ampea 2.3 tu. Kikatio cha ampea 20 hakiwezi hata kushituka kwa umeme huo. Hukaa kimya kana kwamba mambo ni salama, na bati la jokofu likabaki lina umeme, likimngojea mtoto aliyetoka kuoga, miguu mitupu juu ya sakafu ya maji, aje kufungua mlango atafute embe.

Dawa ya jambo hilo inajulikana. Fimbo ipigiliwe chini zaidi, au ziwe fimbo mbili tatu zilizotengana na kuunganishwa, tena mahali panapobaki na unyevu. Fundi apime kwa chombo, asikisie kwa macho. Na juu ya hayo, iwekwe ile swichi inayohisi umeme unaovuja na kuukata ufikapo milliampea 30, yaani sehemu 3 za mia za ampea 1. Hiyo haingoji ampea 20. Katika nchi ya mchanga kama yetu swichi hiyo si anasa, na twashangaa kwamba bado kuna mafundi wanaoiita hivyo.

Tusiisahau hita ya kuogea, maana Newala ina baridi yake mwezi wa Juni na Julai na wageni hupenda maji ya moto. Hita ya wati 4,500 huvuta karibu ampea 20, ikiwa juu ya kichwa cha mtu aliyelowa mwili mzima. Anayeifunga bila eathi na bila swichi tuliyoitaja anacheza na roho ya mtu.

Kisha gesi. Viyoyozi vya zamani vilitumia gesi ya R22, ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 unaiondoa hatua kwa hatua kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. Na mwaka 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza na zile zilizokuja baada yake kwa sababu zinaizidishia dunia joto. Matokeo yake ni kwamba majokofu mengi mapya hutumia R600a, iliyo jamaa wa gesi ya kupikia, nayo huwaka moto. Fundi aliyezoea kuwasha moto wa kuchomelea bomba bila kusoma kibandiko, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, siku moja atakutana na mashine isiyomsamehe. Na wapo wanaopima uvujaji wa mabomba kwa kujaza oksijeni ya kuchomelea. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Kipimo hicho hufanywa kwa naitrojeni, na hakuna udugu wala haraka inayoweza kulibadili hilo.

Sasa tufike kwa wanaohusika. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umefanya jambo kubwa: nguzo zimefika mahali ambapo wazee wetu hawakuota zitafika, na mwananchi wa kijijini ameungiwa umeme kwa shilingi 27,000. Ni sera ya haki na tunaiunga mkono. Lakini shilingi 27,000 huuleta umeme ukutani tu. Waya wa ndani, swichi, eathi na ujira wa fundi ni juu ya mwenye nyumba, na hapo gharama huwa mara nyingi zaidi ya hizo. Hapo ndipo anapojitokeza kishoka. Hana leseni, hana kipimo, ana bisibisi na maneno matamu. Anasema ataifanya kazi kwa nusu ya bei, naye huipata nusu hiyo kwa kuacha eathi na kununua waya wa kufifia.

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka kazi hii ifanywe na mwenye leseni, na EWURA ndiyo itoayo leseni. Kabla nyumba haijaungwa, fomu hutakiwa kugongwa mhuri wa fundi huyo. Sheria ni njema. Lakini mhuri unaogongwa na mtu asiyeiona nyumba, akalipwa kwa kuuazima tu, ni mbaya kuliko kutokuwa na mhuri, kwa sababu humfanya mwenye nyumba alale usingizi. Anayeazimisha mhuri wake na anyang'anywe leseni, na jina lake libandikwe katika ofisi ya kata. Wala tusimtupie kishoka lawama zote: wengi wao ni vijana wenye akili ya kazi waliokosa ada na nauli ya kwenda chuo cha VETA Mtwara. Vijana hao wakifundishwa, kila kata ya Newala na Masasi ingekuwa na fundi wake halali, na kishoka angekosa soko.

Kuna na wafanyakazi wenzetu wapandao nguzo. Umeme unapokatika, mwenye duka huchomeka jenereta yake katika soketi ya ukutani ili duka zima liwake. Umeme ule hutoka kwa mlango wa nyuma hadi katika laini, ukapandishwa nguvu na transfoma, ukamkuta fundi wa TANESCO akidhani laini imelala. Swichi ya kugeuza, inayotenganisha jenereta na laini, ni wajibu wa kila mwenye jenereta, na asiye nayo azime.

Fedha za kazi hii hazikosekani kabisa. Vyama vya msingi vya ushirika, vilivyo chini ya TANECU kwa Newala na MAMCU kwa Masasi, vimewahi kukopesha pembejeo na kukata wakati wa mauzo. Haitushindi kuona mkulima akikopeshwa vivyo hivyo fimbo ya shaba, swichi ya kukata umeme unaovuja na ujira wa fundi mwenye leseni, akalipa kidogo kidogo kwa misimu miwili. Wanachama walitie jambo hilo katika ajenda za mkutano mkuu wa chama chao cha msingi mwaka huu, kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa na magari hayajaanza kupandisha majokofu.